Prosesa imeandikwa GHz 4.8, mbona mie naiona 3.3? Kuna aliyewahi kuifikisha namba ya kwenye boksi?

Mwana_wa_Kuze · Jumatano, saa 4:15 usiku

Hamjambo waungwana. Nina swali limeninyima usingizi siku tatu, na mke wangu ashaanza kuuliza ndani ya hii skrini kuna nani.

Kazi yangu ni kuediti video za harusi. Mwezi uliopita nilijichanga nikajiundia mashine kwa mikono yangu: prosesa ya Intel i7-10700 yenye viini vinane (ndivyo vifanyavyo hesabu), RAM 32, mazabodi (ubao mkuu) ya wastani, na feni ileile iliyokuja na prosesa. Najua si ya mwaka huu, ilitoka 2020, lakini bei ilinikaa. Aliyeniuzia pale mjini alinionyesha boksi kwa kidole: "Waona hapa? 4.8. Hii itakukimbilia 4.8 kutwa kucha."

Sasa nikiweka harusi ya saa moja irende, yaani itoke kuwa video kamili, Task Manager, ile ya Windows ya kuonyesha kasi, yaandika GHz 4.5, 4.6 (mapigo bilioni kwa sekunde), moyo watulia. Naenda kumimina kahawa. Nikirudi iko 3.3, na hapo hapo yakaa mpaka mwisho, dakika arubaini na saba. Nimefunga brauza, 3.3. Nimeondoa ubavu wa kesi nikaelekeza feni ya mezani ndani, 3.3. Nimeomba dua, 3.3.

Joto yasoma digrii 88. Niko ghorofa ya juu Mji wa Kale, juu yangu ni bati, na hii kaskazi ya mwaka huu mwaijua wenyewe.

Je, nimedanganywa, au mie ndiye sijui kusoma? Na kuna mtu humu ambaye prosesa yake yafika namba ya kwenye boksi siku ya kawaida, bila kuchezea chochote?

Kaskazi33 · Jumatano, saa 4:31 usiku

Speedometa ya probox yangu imeandikwa 180. Siku nikiifikisha nitakupigia simu kutoka wodini.

Mgemu_Mtwapa · Jumatano, saa 4:40 usiku

Kaskazi hahaha. Lakini kaka, swali lako si la kuchekwa. Hata mie nimewahi kujiuliza. Ngoja wazee waje.

fundi_bondeni · Jumatano, saa 5:20 usiku

Mzee nimekuja, na umri wangu hamuujui.

Kaskazi33, umetuchekesha lakini mfano umepinda. Ile 180 ni mchoro tu, hakuna aliyekuahidi kuwa gari litafika huko. 4.8 ni ahadi, na yatimizwa kila siku, pengine mara nyingi kwa saa moja. Ila yatimizwa kwa muda wa kupepesa jicho, na wakati ambao huna haja nayo. Kwa hiyo Mwana wa Kuze, boksi halikukudanganya. Amekudanganya aliyekusomea boksi. Kabla ya namba ile kuna neno "hadi", na naona yeye alilipita mbio.

Prosesa yako ina namba tatu, boksi linakwambia mbili. 2.9 ni kasi ya msingi: hiyo Intel wanaisimamia kwa wati 65 na viini vyote vikiwa na mzigo. 4.8 ni kilele. Ya tatu haikuandikwa popote kwenye boksi: 4.6, viini vyote vinane vikikimbia pamoja wakati umeme unaruhusu. Na hata 4.8 si ya kila kiini. Kwa i7-10700 ni viini viwili tu, vilivyopimwa kiwandani vikaonekana bora kuliko ndugu zao, ndivyo vina ruhusa ya kufika huko. Sita vilivyobaki mwisho wao 4.7. Ukikiangalia kiini kisicho chenyewe utangoja mpaka kiama.

Mchezo huu wa kupanda juu ya msingi, turbo, si wa jana. Intel waliuingiza kwenye i7 za kwanza mwisho wa 2008. i7-920 ilikuwa 2.66, ikipanda hadi 2.93. Hakuna aliyegombana na mtu, maana pengo lilikuwa kama unene wa chapati. Yako yatoka 2.9 kwenda 4.8. Pengo la namna hiyo ndani yake mtu waweza kuegesha tuktuk.

Sasa ile dakika ya kahawa. Umeme wa prosesa una vikomo viwili. Kikomo cha muda mrefu, wati 65. Kikomo cha muda mfupi, kwa yako Intel walipendekeza wati 224. Na kuna saa yahesabu, sekunde 28. Ukianza kurenda, prosesa yavuta umeme itakavyo, ndiyo 4.6 unayoiona. Zikiisha hizo sekunde, au karibu na hapo, yarudishwa polepole kwenye 65. Kwa wati 65 viini vinane vikibebeshwa video vitakupa kama hiyo 3.3. Iko juu ya 2.9, na 2.9 ndiyo uliyouziwa kwa uhakika.

Chukua mfereji wa nyumbani. Ndoo moja yajaa kabla hujageuka. Funga mipira minane kwenye mfereji huohuo uone kila mmoja watoa mchirizi gani.

Lakini digrii 88 kwa wati 65 sikubali, hata kwa kaskazi, hata chini ya bati. Feni ile ina miguu minne ya plastiki ya kubonyeza, na miguu ile ni mitukutu. Laza kesi ubavu, washa tochi, niangalizie kama yote minne imezama. Halafu tuzungumze.

mama_risiti · Alhamisi, saa 2:05 asubuhi

Wanangu, samahanini naingilia. Mie kazi yangu ni vitabu vya hesabu, ofisi ya kutoa mizigo upande wa Changamwe. Nimewasoma tangu jana usiku, nikiruka nisipofahamu. Asubuhi nikafungua hiyo Task Manager yenu. Kompyuta yangu ni mtumba kutoka Uingereza, imeandikwa i5-8500. Namba ya kasi yaandika 2.9 na kitu. Nikifungua ekseli yenye mistari elfu arubaini, 2.9. Nikifunga, yashuka. Nikifungua tena, 2.9. Haipiti hapo kamwe, hata kwa hiyo sekunde moja mnayoisema. Mie nami nimesomewa boksi vibaya? Hata boksi sina.

fundi_bondeni · Alhamisi, saa 2:50 asubuhi

Mama, heshima zako. Hapana, yako ni kitu kingine kabisa, na nimefurahi umeuliza.

i5-8500 msingi wake ni 3.0, kilele 4.1, na viini vyote sita pamoja 3.9. Ikigota chini kidogo ya 3.0 na isipite hata kwa sekunde, kuna mtu ameifunga kamba. Ndani ya mipangilio ya umeme ya Windows, kwenye sehemu ya prosesa, kuna kiwango cha juu cha asilimia. Kawaida ni 100. Ukiandika 99, Windows yazima turbo yote. Asilimia moja unayoona kama utani, kumbe ndiyo swichi yenyewe. Mafundi wengi huifanya wakitaka kompyuta ipoe au feni inyamaze, kisha wasahau kumwambia mwenyewe. Angalia hapo, mama.

Mgemu_Mtwapa · Alhamisi, saa 1:10 usiku

Fundi nakuheshimu, lakini hii "boksi halidanganyi" umeipitisha kirahisi mno. Tuliokuwepo 2019 twakumbuka.

Ryzen 3000, prosesa za AMD washindani wa Intel, zilitoka tarehe 7 Julai 2019. Watu wakanunua moja yao, 3900X, yenye 4.6 kwenye boksi, wakapima, wakaona 4.5 na kitu, na 4.6 hawaioni hata kwa darubini. Mjerumani mmoja wa YouTube, der8auer, akaomba watu wapime namna moja na wamtumie namba zao. Walijibu elfu mbili na mia kadhaa hivi. Kwa 3900X, waliofika 4.6 hawakutimia hata sita kwa kila mia. Kwa Ryzen 5 3600, ambayo ahadi yake ilikuwa 4.2, kama nusu walifika. Na hapa twazungumza juu ya kilele cha kiini kimoja, hilo jicho moja lako la kupepesa. Halikupepesa.

Septemba hiyohiyo AMD wakakiri kuwa kuna kasoro kwenye BIOS, ile programu ya mazabodi inayoamka kabla ya Windows, iliyokuwa ikizishusha, wakatoa apdeti iliyoongeza MHz 25 hadi 50 (MHz 1,000 ni GHz moja). Yaani walalamishi hawakuwa wendawazimu.

fundi_bondeni · Alhamisi, saa 2:00 usiku

Hapo umenishika, na sipindishi maneno. 2019 palikuwa na jambo. Nitaongeza mawili tu.

La kwanza, wanaojibu maswali ya namna ile wengi ni wenye donda. Aliyefika 4.6 akatulia hana haraka ya kujaza fomu. Kwa hiyo ile sita kwa mia siichukui kama sensa. Lakini hata ukiiongeza mara tatu bado ni aibu.

La pili, jiulize ni nini kilichokosekana. MHz 25, 50, pengine 75 kati ya 4,600. Katika kazi ya mtu hizo hazionekani. Watu waligombana juu ya ukweli wa maandishi, na walikuwa na haki hiyo. Mwana wa Kuze anagombana juu ya 4.8 na 3.3, yaani MHz 1,500. Hizo ni kesi mbili zisizofanana, na mtandaoni huchanganywa kama biriani.

Yako ni ipi, Mgemu?

Mgemu_Mtwapa · Alhamisi, saa 2:12 usiku

Ryzen 5600X. Boksi 4.6. Na hapa ndipo nacheka, maana mie naona 4.65. Imepita. Naona waliungua 2019 wakajifunza kuandika pungufu. Kwenye gemu la mpira yakaa 4.6 hivi muda wote, viini viwili vitatu ndivyo vyafanya kazi. Saa nane mchana yashuka kidogo kidogo, 4.57, 4.55, nikifungua dirisha upepo wa bahari ukiingia yapanda tena. Ryzen zina hatua za MHz 25, waona kabisa zikihesabu.

Kaskazi33 · Alhamisi, saa 2:20 usiku

Kompyuta yenye dirisha la bahari. Sie wa Kisauni ndani twavuta hewa ya jirani.

Mwana_wa_Kuze · Ijumaa, saa 5:30 usiku

Waungwana, nimerudi. Kaeni vizuri.

Fundi, sijui wewe ni mganga. Leo baada ya Isha nimelaza kesi sakafuni juu ya mkeka, mwanangu wa miaka sita kanishikia tochi. Mguu wa kwanza umezama, wa pili umezama, wa tatu umezama. Wa nne, ule wa pembeni ya RAM, umekaa juu ya tundu lake kama mtu aliyekunja nne. Ukiusukuma kwa kidole hitsinki yote, lile bonge la alumini chini ya feni, yainama. Aliyeufunga ni mie mwenyewe, kwa hiyo sina wa kumlaumu.

Nikaitoa. Ile pesti ya kijivu ya kupitisha joto ilikuwa imebanwa vizuri upande mmoja, nyembamba kama karatasi ya sigara. Upande wa mguu mbovu ilikuwa nene na laini, haijaguswa, kama siagi ambayo kisu hakijaipitia. Nikapangusa kwa spiriti, nikaweka tone jipya la ukubwa wa punje ya mbaazi, nikabonyeza miguu kwa mshazari, mmoja na wa mkabala wake, mpaka nikasikia "tak" mara nne. Mwanangu kahesabu.

Harusi ileile nikairudia. Joto: 71. Kutoka 88 hadi 71! Nikainuka kwa furaha. Nikaangalia kasi.

3.3.

Dakika? Arubaini na saba.

Kaskazi33 · Ijumaa, saa 5:33 usiku

Innalillahi.

fundi_bondeni · Ijumaa, saa 5:52 usiku

Hahaha, nilikungojea hapo. Joto halikuwa breki yako. Prosesa hiyo mwisho wake ni digrii 100, kwenye 88 haikuwa imeanza kujishusha kwa ajili ya moto. Breki ni wati 65. Umeipoza, lakini ruhusa ya umeme ni ileile. Sisi watu wa pwani tuna tabia, kila kitu kikizorota twasema joto. Mara nyingi ni kweli. Hapa sivyo.

Ungekuwa na i9-10900K ningekwambia lingine. Ile 5.3 yake Intel waliifunga kwa sharti la joto: ikipita digrii 70 hiyo hatua ya mwisho yaondoka. Kwa mwezi huu na kwa bati lako, hiyo 5.3 ungeisoma kwenye boksi tu.

Sasa fanya hili. Tafuta HWiNFO, ni programu ya bure. Task Manager yakupa namba moja ya jumla, viini vinane vimechanganywa kwenye sufuria moja. HWiNFO yakuonyesha kiini kimoja kimoja. Kawaida yasoma kila sekunde mbili, na kwa sekunde mbili prosesa ishapanda na kushuka mara nyingi usijue. Iwekee nusu sekunde. Usiiharakishe zaidi ya hapo, kwa sababu kusoma kwenyewe ni kazi, na waiamsha prosesa iliyokuwa imelala. Kisha usirende chochote. Fungua faili, fungua brauza, andika barua. Fanya siku ya kawaida.

Mwana_wa_Kuze · Jumamosi, saa 4:40 asubuhi

Nimeiona!

Nilikuwa nimefungua WhatsApp ya kwenye kompyuta, bibi harusi anauliza video itatoka lini (swali la kudumu). Nikabofya picha aliyotuma. Kiini cha tatu: MHz 4,790. Kikarudi. Nikafungua folda. Kiini cha sita: 4,790. Vingine vyote mwisho 4,690, kama ulivyosema, viwili tu ndivyo watoto wa mke mkubwa.

Ila mbona 4,790 na si 4,800?

fundi_bondeni · Jumamosi, saa 4:55 asubuhi

Mapigo ya msingi ya mazabodi ni MHz 100 kwa jina, kwa vitendo mara nyingi 99.8 hivi. Zidisha kwa 48. Hiyo usiandikie uzi mwingine, tafadhali.

Kaskazi33 · Jumamosi, saa 5:10 asubuhi

Kwa hivyo nimefahamu. Ukifungua picha ya bibi harusi, 4.8. Ukianza kazi aliyokulipa bibi harusi, 3.3. Ni mkokoteni huu. Mtupu wateremka pale Makupa mbio mpaka watu waruka pembeni. Ujazwe viazi vya Kongowea, wataka wanaume watatu kuusukuma.

fundi_bondeni · Jumamosi, saa 5:14 asubuhi

Huu mfano nimeupokea. Ule wa probox urudishe nyumbani.

Na hiyo si kasoro, jamani. Siku nyingi za watu wengi ni mkokoteni mtupu: bofya, ngoja, soma, bofya. Zile robo sekunde za 4.8 ndizo zafanya kompyuta ikuitike upesi. Mama risiti akifungua ekseli, hiyo ndiyo kasi anayoihisi. Anayeumia ni mtu wa mizigo mirefu: video, kubana mafaili makubwa, michoro ya majengo. Kwake kilele ni picha ya ukutani.

Mwana_wa_Kuze · Jumapili, saa 3:20 usiku

Fundi usinipige. Nimeingia BIOS. Nimeona kile kikomo cha muda mrefu, nimekitoa 65 nikaandika 100.

Mchana, saa nane, chumba kimefika 33 kwa kipimajoto cha mtoto. Nikarenda. Kasi ikakaa 3.8. Sijawahi kuona 3.8 ikikaa! Lakini joto likaenda 90, 94, 97, na feni ikaanza kulia kama feri ya Likoni ikipiga reverse. Mke akaja kuuliza kama nimewasha blenda. Dakika 41.

Usiku, kiyoyozi cha chumba cha wageni, digrii 24. Kasi 3.8 ileile, joto 87, kelele bado. Dakika 41.

Nimeokoa dakika sita kwa kila harusi. Msimu ukiwa mkali nina harusi nne kwa wiki.

Swali la pili: naiunguza?

fundi_bondeni · Jumapili, saa 4:05 usiku

Huiunguzi leo. Ikifika 100 itajishusha yenyewe. Lakini waona sasa: ukiondoa breki ya umeme, ndipo joto lageuka kuwa breki inayofuata. Kwa 97 umebakiza digrii tatu, vumbi la mwezi mmoja litazimaliza.

Kwanza, hitsinki hiyo iliundwa kwa wati 65. Tafuta ile ya mnara, yenye mabomba ya shaba na feni ya sentimita 12. Kwa wati 100 itakukalia digrii sabini na kitu bila kelele. Pili, gusa pale pembeni ya soketi, sehemu ya umeme ya mazabodi, baada ya dakika ishirini za kazi. Kwenye mazabodi za bei ya chini sehemu hiyo haina hata kipande cha alumini juu yake. Ikiwa kidole hakivumilii, rudisha 80. Prosesa yajilinda vizuri, kapasita maskini hazina wa kuzitetea.

Stima isikutishe. Wati 35 za ziada kwa dakika 41 hazifiki hata robo ya sehemu ya kumi ya uniti moja. Kiyoyozi cha wageni ndicho chala tokeni zako.

Na uking'oa feni hiyo, angalia mapezi ya alumini. Kompyuta zote nazofungua za wakaao ufuoni, mapezi yana unga mweupe kama chumvi ya mezani. Si vumbi, ni alumini yenyewe inaliwa na hewa ya bahari. Brashi laini, kwa taratibu. Usioshe kwa maji, kuna mtu aliniletea aliyeosha.

Jambo moja kwa wote wanaosoma na ambao mkono umeanza kuwasha. Kukimbiza namba kuna gharama, na hata wenye viwanda wamewahi kuilipa. Zile Intel za kizazi cha 13 na 14, za kufika hadi GHz 6, baadhi zilianza kuzimika ovyo. Ikagundulika zilikuwa zikipewa volteji kubwa kupita kiasi. Agosti 2024 zikatolewa apdeti za BIOS kuizuia, na Intel wakaongeza dhamana miaka miwili. Ukiwa na moja, apdeti hiyo si hiari.

Bint_Tudor · Jumatatu, saa 1:30 usiku

Shikamooni. Naanza chuo Septemba, baba amesema atanijengea kompyuta, nichague mwenyewe. Dukani wamenipa karatasi mbili, moja i5-12400 imeandikwa 4.4, nyingine ni ile i9-10900K mliyoitaja, mtumba, 5.3. Yule kijana akasema namba kubwa ndiyo kompyuta kubwa. Nimesoma uzi wote na sasa siamini namba hata ya simu yangu. Niangalie nini?

Mgemu_Mtwapa · Jumatatu, saa 1:42 usiku

Marahaba. Dada, hizo GHz zalinganishwa ndani ya ukoo mmoja tu. Kiini kimoja cha 12400 kwa 4.4 chaishinda 10900K kwa 5.3, na si kwa ushahidi wa macho, tafuta vipimo vya Cinebench, programu ya kupima prosesa, utaona. Kiini kipya chafanya kazi nyingi zaidi kwa kila pigo. Mwaka 2004 kulikuwa na Pentium 4 ya 3.8. Mwulize kijana wa dukani kama ataibadilisha na simu yake.

Kwa kazi ndefu ya viini vyote ile i9 ina viini kumi na ina nguvu yake, lakini yataka upoezaji wa kiume na mazabodi ya kiume. Kwa chuo, chukua 12400. Wati 65, na feni ya boksi yaitosha kwa kazi zako.

fundi_bondeni · Jumatatu, saa 1:50 usiku

Nimeafiki. Na pesa zitakazobaki ni za diski ya kasi, utaihisi kila asubuhi.

mama_risiti · Jumanne, saa 2:15 asubuhi

Fundi, nimeipata. Ilikuwa 99, kama ulivyosema, nikaandika 100. Sasa yaandika 3.9, mara nyingine yagusa 4.0, na ile ekseli yafunguka kabla sijavaa miwani.

Lakini sasa yalia. Bosi ametoka ofisini kwake kuuliza sauti hiyo ni ya nini. Nikaita kijana wa zamani aliyekuwa akitutengenezea, akasema ndiyo, yeye ndiye aliyeandika 99, miaka miwili iliyopita, kwa sababu ilikuwa ikilia. Nikamuuliza kwa nini hakuifungua aisafishe. Akasema hakuwa na blowa.

Nirudishe 99?

fundi_bondeni · Jumanne, saa 2:22 asubuhi

Usirudishe, mama. Ilete Jumamosi kabla ya adhuhuri, mie blowa ninayo. Na umlete na huyo kijana.